Kisu cha kwanza cha kufyatua

Ndugu, umeuliza uanze na kisu gani cha kukunja, kile cha kufyatua kwa kidole cha shahada, na mfuko hauruhusu makubwa. Jina la chuma liache kwanza. Kishike kikiwa kimefungwa, bonyeza kile kijino kinachochomoza mgongoni bila kuzungusha mkono. Bapa lisipofunguka hadi mwisho, kirudishe kwa muuzaji. Likifika, kifunge tena ukitikise: bapa likichungulia lenyewe, kitakukata mfukoni.

Kikiwa wazi, sukuma bapa kushoto na kulia. Likicheza, kaza kidogo skrubu ya egemeo, pale bapa linapozungukia. Likiendelea kucheza, tafuta kingine. Kibati cha ndani kinacholizuia lisijikunje kiingie vizuri nyuma yake, si kugusa ukingoni tu.

Sasa jina la chuma: aina iitwayo D2 hutunza makali lakini hushika kutu kikiachwa kimelowa. Mimi ningechukua 14C28N, aina nyingine ya chuma, hakisumbui kwa unyevu wala kukinoa. Bapa la sentimita 7 au 8 linatosha. Angalia pia sheria ya unakoishi kuhusu kubeba kisu. Na wakati wa kukifunga, toa kidole gumba njiani. Changu kina kovu mpaka leo.