Sijakopa hata shilingi, benki wananambia nina deni

"Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Mimi fundi charahani hapa Chake Chake. Mwezi uliopita nilikwenda benki kutaka murabaha ya mashine ya ovaloki, yaani benki wanunue wao wanuzie mimi kwa faida nilipe kidogo kidogo, makaratasi yote ninayo, barua ya sheha ninayo, afisa akatizama kompyuta akanambia mama una deni la mkopo wa simu hujalipa tokea 2021. Wallahi mimi riba naiogopa sijakopa maisha yangu. Baadae ndo nikakumbuka laini niliyomsajilia mdogo wangu wa kiume, sasa yuko Muscat na laini alishaitupa. Nilipompigia akakubali kweli alikopa. Mama anasema nistahamili nisimuaibishe ndugu yangu. Kuna kijana hapa anataka laki na nusu eti anisafishie jina. Nifanyeje? Fundi, Chake."

Waalaykum salaam fundi wangu. Huyo kijana wa laki na nusu mwambie akatafute kazi. Hakuna mtu wa mtaani anaeweza kufuta kitu kwenye taarifa zako za mikopo, anaerekebisha ni yule yule mkopeshaji alozipeleka, kwa hiyo laki na nusu yako ingekwenda na deni ungebaki nalo.

Wengi mnadhani mambo haya ya jana tu, kumbe kanuni zake zipo miaka mingi sasa. Mabenki yanapeleka habari za wakopaji wao kwenye hifadhi ya Benki Kuu, halafu kuna kampuni zenye leseni, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, zinazozikusanya zikatoa ripoti ya mtu mmoja mmoja, umekopa wapi, kiasi gani, umelipa vipi, umechelewa wapi. Na ule mkopo wa simu japo unaupata kwa kubonyeza tu ukiwa umelala kitandani, nyuma yake kuna mkopeshaji, mara nyingi benki vile vile, na yeye hajui kama simu iko mkononi kwa mdogo wako, anachojua laini imesajiliwa kwa jina lako na NIDA yako. Na usije ukadhani murabaha kwa vile haina riba basi hawaangalii, wanaangalia sana, ndo hivyo umeshaona mwenyewe.

Huku kwetu mtu anajua deni la jirani yake dukani mpaka la kibiriti, ila ripoti yake mwenyewe hajaiona hata siku moja. Wewe umekuja kujua 2021 ilikuwaje mbele ya afisa wa benki, na ovaloki ushaipigia hesabu! Ungeiomba ripoti miezi mitatu kabla ya kwenda benki ungelijua mapema ukalimaliza kimya kimya.

Sasa usilipe chochote kwanza. Najua aibu inakusukuma ukalipe yaishe, lakini hujui unalipa nini, afisa kakutajia deni moja kwa mdomo na huenda yako mawili. Rudi benki, huna haja ya kuona haya, uliza kwa adabu wamekataa kwa taarifa gani na wameipata kampuni ipi, halafu iombe ripoti yako wewe mwenyewe kwa kitambulisho chako, na gharama waulize hao hao. Ikifika isome yote, jina limeandikwaje, namba ya kitambulisho ni yako kweli, kila mkopo una tarehe gani, maana majina yetu haya Fatma Ali Juma wako wangapi Pemba nzima.

Halafu piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, na kama una laini za mitandao tafauti fanya kwa kila mtandao. Ile Januari 2020 wakati laini zinatishiwa kuzimwa watu walikuwa wanapanga foleni juani, mtu mmoja anaweka kidole kwa ajili ya nyumba nzima, na mawakala wengine walikuwa wanakwambia weka tena weka tena haijasoma, ukiondoka hujui umesajili laini ngapi. Usiyoitambua nenda duka la mtandao wenyewe waitoe, usimuachie wakala wa pembeni.

Tuje kwa mdogo wako. Hapa nakwambia kweli japo hutoipenda, usende ukasema umeibiwa. Kidole uliweka mwenyewe kwa hiari yako, na yeye keshakiri, ukisema wizi unaanzisha kesi ya uongo juu ya ndugu yako. Deni lile ni lake, lakini kwa mkopeshaji linasomeka lako, kwa hiyo mtake alilipe, na asikutumie wewe pesa mkononi maana mama akiumwa itatumika na nani atakulaumu. Mpigie mkopeshaji ujue baki ni ngapi na kama watapunguza faini, mwambie ndugu yako kiasi hicho hicho, kikishalipwa omba barua ya kumaliza deni, na baada ya muda iombe ripoti tena uhakikishe imebadilika. Historia ya kuchelewa inaweza kubaki hata ukishalipa, ila deni lililolipwa na deni linaloning'inia benki hawalitizami sawa. Likitokea jengine ambalo si lako wala si la mdogo wako, hilo ndo la kulipinga kwa maandishi, mpelekee mkopeshaji na kampuni iliyotoa ripoti, wakikuzungusha Benki Kuu ina tawi Unguja na malalamiko ya wateja wa mabenki wanapokea.

Mama nampa heshima zake ila hapa simuungi mkono. Kumwambia mtu alipe alichokopa si kumuaibisha, na hujamtangaza msikitini wala kwenye grupu la familia, umempigia mwenyewe. Anaeaibika saa hizi ni wewe unaezungushwa benki. Mwambie mama aongee nae yeye, mtoto wa Muscat simu ya mama haachi kupokea.

Na hiyo laini aloitupa iangalie kwenye ile *106#, kama bado iko kwa jina lako ifunge wiki hii hii. Ripoti ikifika niandikie, hasa ukikuta mkopo wa pili.