Maswali ya wasomaji: Kompyuta ya kwanza shujaa wako alipewa na nani?

Safari hii wengi mmeandika kuhusu vitabu vya watu waliojifunza kompyuta wenyewe na vya watu wenye akili za ajabu. Nimechagua barua chache. Za "naomba PDF" nimezifuta bila kuzimaliza.

Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili chuoni, hapa Mbeya. Nimesoma maisha ya Bill Gates, mwanzilishi wa Microsoft, kumbe aliacha chuo akafanikiwa. Na mimi nataka kuacha nijifunze mwenyewe kuandika programu. Unasemaje? (Kijana wa Iyunga)

Marahaba. Ukiacha, unakwenda wapi? Gates aliondoka Harvard mwaka 1975, lakini programu alianza kuziandika mwaka 1968 akiwa na miaka 13. Shuleni kwao Seattle, shule ya kulipia, akina mama wa wanafunzi waliuza vitu vilivyotumika, na fedha hizo zikalipia mashine iliyounganishwa kwa simu na kompyuta ya mbali. Siku hizo hata wanafunzi wengi wa vyuo vikuu hawakuwa wamewahi kugusa kompyuta. Kwa hiyo aliyeondoka Harvard alikuwa na miaka saba ya mazoezi, na baba mwanasheria nyumbani. Wewe una nini mkononi? Kama kuna programu yako ambayo watu wasiokujua wanailipia, niandikie tena tuzungumze. Kama haipo, rudi darasani, na Python, lugha ya kuandikia programu, ujifunze saa mbili usiku. Hakuna mhadhiri atakayekukataza.

Vitabu vya aina hii visomwe na penseli mkononi. Tafuta mahali ambapo mtu anampa shujaa mashine, ufunguo wa chumba, ada au muda. Mahali hapo hapakosekani, ila waandishi hupapita mbio kwa sababu panaharibu hadithi ya mtu aliyejitengeneza peke yake. Linus Torvalds, mnayemtaja kila siku, alianzia kwenye kompyuta ya babu yake. Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, aliitoa mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na shahada yake akaimaliza. Sehemu hiyo hamjawahi kuniandikia.

Nianze na lugha gani ya programu? (Wengi)

Python. Nimeshajibu, na mwaka huu sijibu tena. Anayeuliza hivi kila mwezi angekuwa ameshamaliza sura tano.

Mwalimu, vitabu vyote vizuri ni vya Kiingereza na mimi Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nifanyeje? (Kyela)

Wewe uko jirani kabisa na jibu lako, ng'ambo tu ya Songwe. William Kamkwamba wa Wimbe, Malawi, aliacha sekondari kwa kukosa ada wakati wa njaa kali ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Akawa anashinda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi. Kiingereza kilimpa tabu, hivyo alianzia kwenye picha na michoro ya kitabu cha nishati, akarudi kwenye maneno yaliyo karibu na mchoro, na alipokwama alimuuliza mkutubi. Mwaka 2002 akawa na kinu cha upepo kinachowasha taa nyumbani. Na wewe soma hivyo: mfano wa programu kwanza, uuandike kwa mkono wako, uuendeshe, ndipo urudi kwenye maelezo. Nenda maktaba ya mkoa pia. Na tafadhali, ukimtaja Kamkwamba kama ushahidi kwamba shule haina maana, kumbuka kwamba nafasi ilipopatikana alirudi shule mbio na mwaka 2014 akahitimu chuo cha Dartmouth, Marekani.

Mwanangu yuko darasa la sita na hesabu anazimeza. Nimesoma habari za Ramanujan, yule bingwa wa hesabu wa India. Nimwache abaki na hesabu tu, masomo mengine ayaache? (Mama wa Tukuyu)

Hapana, mama. Ramanujan alifanya hivyohivyo, akapoteza ufadhili wa masomo kwa kufeli mengine, akaishia karani wa bandari Madras. Kilichomtoa pale ni barua aliyomwandikia Hardy, mtaalamu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1913. Wataalamu wengine aliowaandikia hawakumsaidia kitu. Alifariki mwaka 1920 akiwa na miaka 32. Mtafutie mtoto mwalimu anayezipenda hesabu kuliko mshahara wake, na Kiswahili na Kiingereza asiviache, maana hata ile barua ilibidi iandikwe.

Hivi akili za ajabu ni za Wazungu na Wahindi tu? (Iringa)

Unauliza hivyo ukiwa Iringa! Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Lushoto, aligundua kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa wa moto kwenye friza uliganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye akiwa sekondari ya Mkwawa, hapo hapo mjini kwenu, alimuuliza swali lilelile Denis Osborne, mwanafizikia aliyekuja kutoa mhadhara kutoka Dar es Salaam. Wanafunzi wakamcheka. Osborne alirudi Dar akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Wanafizikia wanabishana mpaka leo kama jambo lenyewe ni la kweli na kwa nini, na jina la Mpemba bado wanalitumia. Walimu mnaosoma hapa, kijana akiuliza swali la kipuuzi, jaribuni kwanza. Kucheka hakuhitaji maabara.

Mbona vitabu hivi ni vya wanaume watupu? (Binti wa Njombe)

Wachapishaji ni wavivu, binti yangu. Anza na Margaret Hamilton, aliyesimamia programu za kompyuta za vyombo vya Apollo vilivyopeleka watu mwezini na ambaye kazi hiyo alijifunza kazini.

Sina laptopu, nina simu tu. Nisome vitabu kwanza mpaka nipate? (Mafinga)

Ukisoma bila kuandika programu utabaki msimuliaji wa maisha ya watu. Simu ya Android inaendesha Python kwa programu za bure. Inachosha vidole, lakini inafanya kazi. Siku mbili za wiki tafuta pa kuazima kompyuta, hata kwa saa moja. Na yule wa kwenye kundi la WhatsApp anayekuahidi kazi ya dola ukilipa kwanza ada ya kujiunga ni tapeli. Usimtumie hata mia.