Vipuli vya bibi yako

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama baba yako kumwita mjukuu wake kwa jina la shangazi yako ni uzee tu, au ndio ugonjwa wa kusahau umeanza. Jina si kitu, mwanangu. Hata mimi majina yananitoka. Mtazame tabia.

Unamkumbuka yule binti wa Lushoto aliyekaa nasi ulipokuwa darasa la tano? Bibi yako alisema kamwibia vipuli vyake vya dhahabu. Bibi hakuwa mtu wa kumsingizia mtu, ndiyo maana nikamwamini. Nikamfungashia yule mtoto nguo zake na kumpandisha basi la asubuhi, analia, anaapa. Mwezi haukuisha nikavikuta vipuli ndani ya kopo la bizari, vimeviringishwa kwenye kitambaa. Na bado sikuelewa! Mimi, muuguzi, niliyekwisha kusoma kwamba yule mgonjwa wa kusahau wa daktari Alzheimer, mwanamke wa miaka 51 aliyelazwa Frankfurt mwaka 1901, alianza kwa kumwonea mumewe wivu. Nilishtuka siku bibi alipoikalia mbuzi, nazi mkononi, asijue aanzie wapi, yeye aliyepikia harusi za mtaa mzima. Miaka miwili ilikuwa imepita. Yule binti nilisikia kaolewa Korogwe. Sikwenda kumwomba radhi. Nilipaswa kwenda.

Sasa baba yako. Kwenye bao bado anawafunga vijana. Dawa za presha anameza bila kukumbushwa. Ningesema ni uzee. Lakini juzi alinipigia simu yuko Barabara ya Kumi na Mbili, ananiuliza sisi tunakaa barabara ya ngapi. Kazaliwa hapa hapa Ngamiani, mwanangu, na barabara zenyewe zina namba. Labda ni jua. Labda ni zile dawa za usingizi, maana zinaweza kumchanganya mzee, kama upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingo ikilegea, na hayo yana tiba. Jumatatu nampeleka akapimwe. Usinilazimishe kutamka neno kabla ya hapo, ingawa lipo mdomoni. Na usimwulize tena kwenye simu leo ni tarehe ngapi. Anajua unampima, na inamuuma. Jina si kitu, wala tarehe.

Jana alisema saa yake imeibiwa. Sijamwuliza mtu. Nimefungua makopo yote ya jikoni, na bado sijaiona.

Mama yako