Baridi yabisi inapochachamaa: nawajibu wasomaji

Barua za mwezi huu karibu zote zinasema jambo moja: ugonjwa ulitulia, kisha ukaamka ghafla. Mimi ni muuguzi, na nimeugua baridi yabisi miaka 14, kwa hiyo najibu kwa pande zote mbili.

Dada, shikamoo. Nilikaa miezi miwili bila maumivu, juzi nimeamka siwezi hata kufunga kanga. Mama mkwe anasema ni kwa sababu nafua alfajiri kwa maji ya baridi. Ni kweli? – Msomaji, Tanga

Marahaba, mdogo wangu. Jina lenyewe ndilo linalotuponza. Likishaitwa baridi, kila mtu anakutafutia maji ya kulaumu. Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili, inayopaswa kupigana na vijidudu, imegeukia utando laini uliomo ndani ya kiungo. Utando unavimba, unajaa maji, na ukiachwa unatafuna gegedu na mfupa. Ndiyo maana asubuhi vidole vinakakamaa saa nzima au zaidi, na mara nyingi ni mikono yote miwili. Maji ya baridi yanaweza kuzidisha ukakamavu, lakini hayaleti ugonjwa.

Kinachouamsha mara nyingi ni dawa zilizorukwa, maambukizi, uchovu uliopitiliza au mawazo mengi. Wanawake wengi hupata ahueni wakiwa wajawazito, kisha viungo huchachamaa baada ya kujifungua. Na kuna siku hutaona sababu yoyote, usijitafutie kosa. Fua kwa maji ya uvuguvugu kama yanakufariji, lakini niambie: dawa zako ulimeza mara ya mwisho lini?

Nilianzishiwa methotreksati, vidonge vinne kila Ijumaa. Nikapona, nikaacha. Sasa viganja na magoti vimevimba. Nimeze kila siku wiki hii ili nifidie? – Baba wa watoto wawili, Morogoro

Hapana, kaka yangu. Hapana kabisa. Kwa ugonjwa huu dawa hiyo hutumiwa siku moja tu kwa wiki. Ikimezwa kila siku huharibu uboho unaotengeneza damu, huchubua mdomo na utumbo, na watu wamekufa kwa kosa hilo hilo. Niliwahi kupewa bahasha iliyoandikwa "1x1 kila siku". Niliirudisha dirishani palepale. Wewe pia soma bahasha yako kabla hujaondoka.

Siku yangu ni Jumapili. Nahesabu vidonge kwenye kisahani cha chai, nameza baada ya chakula cha usiku, kisha nachora alama kwenye kalenda iliyo nyuma ya mlango wa jikoni. Foliki asidi, vitamini inayopunguza madhara ya dawa hii, naimeza siku nyingine, kama daktari alivyonipangia.

Hukupona, kaka. Ulitulia kwa kuwa dawa ilikuwa kazini. Diklofenaki hutuliza maumivu siku hiyo hiyo lakini haiuzuii mfupa usiliwe. Methotreksati huzuia, ila huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi yake, na hapo katikati ndipo wengi hukata tamaa. Rudi kliniki wakupime damu, ini na figo kabla ya kuanza tena, na pombe iache. Kwa akina dada wanaosoma hapa: dawa hii hudhuru mimba, hivyo mwambieni daktari mapema kabla ya kutafuta mtoto.

Jirani kaniletea unga wa mitishamba. Siku ya pili nilitembea vizuri, na sasa mwezi umepita, uso umevimba. Niendelee? – Mombasa

Unga unaoponya kwa usiku mmoja na kuvimbisha uso unanitia hofu, kwani baadhi ya dawa zinazouzwa kama mitishamba zimekutwa zimechanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Steroidi zenyewe si adui. Mwaka 1948, Philip Hench na wenzake katika Mayo Clinic, Marekani, walimdunga kotisoni, mojawapo ya steroidi, mwanamke aliyeshindwa kutembea, na baada ya siku chache akatembea. Hench alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1950. Lakini madhara ya dozi kubwa yalionekana, na dawa ikikatwa ugonjwa ulirudi. Leo daktari huweza kukupa steroidi iitwayo prednisoloni kidogo, kwa muda mfupi, huku ukisubiri dawa kuu ifanye kazi.

Nenda hospitali kesho na pakiti ya huo unga. Usiukate ghafla peke yako, maana mwili uliozoea steroidi unaweza kuishiwa nguvu kwa hatari. Wakupime sukari na presha.

Mke wangu akizidiwa hukaa kimya, nami sijui nimsaidie vipi. – Mume, Dodoma

Ahsante kwa kuuliza, baba. Shika mbuzi ukune nazi wewe. Legeza vifuniko vya chupa na makopo kabla hujatoka kwenda kazini. Mpini wa mwiko na wa kisu uviringishie kitambaa unenepe, maana kidole kilichovimba hakiwezi kubana kitu chembamba. Sufuria aibebe kwa mikono miwili, au uibebe wewe. Kiungo kilichokakamaa kipate maji ya moto; kinachowaka na kuvimba kipate barafu iliyofungwa kwenye taulo. Apumzike, ila anyooshe viungo polepole kila siku.

Na uchovu wake ni sehemu ya ugonjwa. Ukimkuta amelala saa nne asubuhi, tafadhali usiruhusu mtu yeyote nyumbani amwite mvivu.

Niache nyama na maharage? – Msomaji, Nakuru

Unachanganya na jongo, ugonjwa wa asidi ya yuriki. Kwa baridi yabisi kula mlo wa kawaida, ongeza dagaa na vibua. Cha kuacha ni sigara.

Goti moja tu limevimba, linawaka, na usiku nilitetemeka kwa homa. Ni baridi yabisi imeamka? – Mwanza

Usilichukulie hivyo. Kiungo kimoja kinachouma kuliko vyote, pamoja na homa, kinaweza kuwa na usaha ndani, na usaha huharibu kiungo kwa siku chache. Nenda hospitali leo hii, wavute maji ya goti wayapime, na uwatajie dawa zote unazotumia.