Maswali na Majibu: Maji ya Ndoo Mbili, Mzabibu Usiozaa na Nge wa Kiatuni

Maswali ya safari hii yametoka zaidi pembezoni mwa jiji la Dodoma, kwenye viwanja vipya ambako nyumba imekwisha kusimama lakini uwanja wake bado ni vumbi tupu. Ninaanza na lile ambalo kwa namna moja au nyingine limeulizwa na wengi.

Nimehamia Nzuguni kutoka Bukoba. Nimeinua matuta ya mchicha kama tulivyozoea nyumbani na ninamwagilia ndoo mbili kila jioni, lakini ikifika saa sita mchana mchicha unalala, na haurefuki. Ninakosea wapi?

Mkono wako hauna kosa. Kosa liko kwenye tuta. Tuta lililoinuliwa linafaa Bukoba, ambako mvua ya mwaka hufikia milimita 2,000 na kazi kubwa ya mkulima ni kuyaondoa maji yasije yakaozesha mizizi. Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 tu, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo tuta la juu huku hukauka kutoka kichwani na kutoka ubavuni kwa pamoja, halafu upepo wa Julai hadi Oktoba unakuja kumalizia kilichobaki.

Bomoa matuta hayo na uchimbe vitalu vilivyozama. Upana uwe mita moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani, na kina kiwe shubiri moja. Udongo unaoutoa usiutupe, bali uuzungushe pembeni uwe kingo, kisha changanya udongo wa chini na samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyokwisha kuiva, debe moja kwa kila mita ya mraba. Nasisitiza neno kuiva, kwa sababu samadi mbichi huunguza miche, na wauzaji wengi watakuapia kuwa yao imeiva ilhali bado ina joto ukiingiza mkono ndani ya gunia.

Maji nayo yana namna yake. Miche michanga inahitaji kumwagiliwa kila siku, lakini mchicha uliokwisha kushika ardhi ni afadhali kuupa maji mengi siku moja na kuuacha siku inayofuata, ili mizizi iyafuate maji chini badala ya kuyangoja juu. Kabla ya kubeba ndoo, ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, rudi ndani ukapumzike. Tandaza nyasi kavu kati ya mistari kukinga jua. Wapo watakaokuonya kwamba nyasi huita mchwa, na kweli huita, ndiyo maana mimi ninatandaza safu nyembamba, ninaigeuza mara kwa mara, wala siiruhusu kugusa ukuta au fremu ya mlango. Maji uliyooshea mchele na mboga yafaa kabisa kwa kitalu hiki, ila yale ya sabuni yapelekee mti wa kivuli.

Mzabibu wangu hapa Mkonze una miaka minne. Umetambaa juu ya kichanja chote cha uani, una majani ya kupendeza, lakini kwa mwaka mzima nimepata vishada viwili tu. Je, nilipewa mche dume?

Swali hili limenifurahisha, maana hakuna mmea unaowahadaa wageni wa Dodoma kama mzabibu. Hukupewa mche dume. Umepewa mche usiokatwa. Mzabibu huzaa kwenye machipukizi mapya yanayotoka katika matawi yaliyokomaa msimu uliotangulia, na tawi likiachwa lijiendee linamaliza nguvu zake kwenye majani na kamba. Tena macho, yaani vifundo vya tawi vinavyochipua, yakifunikwa na kivuli cha majani ya juu hayajengi vishada, hata mmea ukiwa na afya ya namna gani.

Katika nchi zenye baridi kali, mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa majira ya baridi, na mkulima hukata ukiwa usingizini. Wa kwetu haulali. Sisi ndio tunaoulaza na kuuamsha kwa mkasi, na kwa sababu hiyo wakulima wa Dodoma huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Tangu kukata hadi kuvuna ni takribani miezi minne. Kwa mzabibu wa uani ninashauri ukate mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, mvua zikiisha, ili zabibu ziive Agosti au Septemba wakati hewa ni kavu. Zabibu zinazokua katikati ya mvua husumbuliwa na ubwiri, yaani ugonjwa wa ukungu, na kuupulizia dawa mmea uliotanda juu ya meza ya chakula ni jambo nisilolipenda.

Chagua matawi makuu machache, yafunge vizuri kwenye kichanja, kisha kila tawi dogo lililotoka kwenye hayo likate ubakize macho mawili au matatu. Uani patabaki uchi na watu wa nyumbani watakulaumu kwa wiki kadhaa. Vumilia. Mwagilia kwa wingi baada ya kukata na uweke samadi kwa kiasi, kwa kuwa samadi ikizidi utarudi kule kule kwenye majani. Chipukizi likitoka bila kishada huku linaziba mwanga, liondoe. Vishada vikianza kulainika, vivishe mifuko ya kitambaa chepesi, maana ndege wa Dodoma hawangoji kukaribishwa.

Tunataka kukinga maji ya mvua. Nyumba ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8. Fundi anasema tenki la lita 5,000 ni dogo mno na anataka tununue la 10,000. Tumsikilize?

Inategemea mnayataka maji hayo kwa kazi gani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lenu lina mita za mraba 80, kwa hiyo mwaka wa milimita 550 huliangukia lita 44,000. Tukiondoa zinazorukia pembeni na kuvuja kwenye mifereji, tuseme 35,000. Hata tenki la fundi haliwezi kuzibeba zote.

Swali lililo bora ni je, kiangazi mtatumia kiasi gani? Ndoo moja ya lita 20 kwa siku, kwa kunywa na kupikia tu, hufanya lita 5,000 zifike siku 250, yaani kuanzia Mei mosi hadi Desemba yote ipite. Kama nia ni hiyo, tenki la 5,000 linatosha, na fedha inayobaki ikanunue mifereji mizuri, kwani nimeona matenki makubwa yakikaa matupu chini ya mifereji iliyopinda. Mvua ya kwanza iacheni imwagike, kwa sababu inaosha vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege. Wekeni wavu kwenye mdomo wa tenki kuzuia mbu, na maji ya kunywa yachemsheni.

Birika letu limejaa ukoko mweupe na maharage hayaivi hata mkaa uishe. Tunatumia maji ya kisima, Ihumwa.

Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, yaani chokaa iliyoyeyuka katika maji magumu ya ardhini. Birika lijaze maji nusu na siki nusu, lichemshe, liache lipoe, kisha lisuuze. Ndimu pia hufanya kazi. Maharage yaloweke usiku kucha na uyapike kwa maji ya mvua kama unayo. Chumvi na nyanya zisubiri mpaka yalainike.

Juzi mtoto alitaka kuvaa kiatu akakuta nge ndani. Ninaogopa hata kuzima taa. Nifanye nini?

Pole sana, mama. Nge hujificha mchana chini ya mawe, matofali na kuni, na hutoka usiku kutafuta wadudu. Ondoa rundo la matofali yaliyobaki baada ya ujenzi, ziba nafasi iliyo chini ya mlango, sogeza kitanda kutoka ukutani, na uwazoeze watoto kukung'uta viatu. Ipo pia taa ndogo ya rangi ya zambarau ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti bandia. Mwili wa nge ukimulikwa na taa hiyo gizani hung'aa kijani, hivyo kwa dakika tano za usiku unaweza kukagua uwanja mzima. Akimuuma mtoto, osha jeraha, weka kitambaa chenye maji baridi na mpeleke kituo cha afya papo hapo. Usichanje wala usifunge kamba.

Jirani mwenyeji ameniletea bakuli la mlenda uliokaushwa na kusagwa. Mimi ni mtu wa Dar es Salaam na nimezoea mboga mbichi. Naupikaje bila kumwaibisha jirani?

Chemsha maji vikombe viwili, tia magadi kidogo sana, kiasi cha kushikwa na ncha za vidole viwili, kisha nyunyiza unga wa mlenda taratibu huku ukikoroga ili usifanye madonge. Ongeza nyanya iliyokatwa na chumvi, na baada ya dakika kumi mimina karanga zilizosagwa ulizozikoroga katika maji kidogo. Usiufunike, utafurika jikoni kote. Uteute wake ndio sifa yake, kwa hiyo usijaribu kuuondoa. Kula kwa mkono, na ugali wa mtama au uwele, si wa sembe. Bakuli la jirani usilirudishe tupu. Hata mchicha wa kitalu kilichozama utatosha.