Waache Wanachama Wako Waongee Wao kwa Wao

Mama mmoja wa Kakamega ameniandikia wiki hii. Anafundisha ufugaji wa kuku wa kienyeji, wanachama wake humlipa ada ya kila mwezi kwa M-Pesa, naye huwatumia masomo kwenye kundi la WhatsApp ambalo ameliweka hivi kwamba yeye pekee ndiye anayeweza kuandika. Anauliza: "Mwalimu, nikiwafungulia waongee, si watanisema? Na wakishajuana, watanilipia nini tena?"

Najua si yeye peke yake. Kama umewahi kukusanya watu wakakulipa uwafundishe kazi, swali hilo limekunyima usingizi hata wewe.

Dada yangu, wafungulie. Wafungulie mwezi huu.

Mimi hufundisha kilimo cha viazi hapa Nakuru, na wanachama wangu wametapakaa Njoro, Molo, Elburgon, Kuresoi hadi Mau Narok. Zamani mambo yalikwenda hivi: mvua za Machi zikikaribia, watu wanajiunga kwa wingi, wanalipa, wanajifunza kuchagua mbegu safi na kupiga dawa ya ukungu kwa wakati. Wakivuna, kimya. Ada inakatika. Na walikuwa na haki, kwa maana mtu akishajua kupanda kiazi, wewe unamuuzia nini?

Jibu nililipata siku za mafunzo shambani, wakati wa chai. Darasani wangekaa wamefunga midomo, lakini mkono ukishika kikombe ndipo unasikia: mbegu ulitoa wapi? Lori lilikuwa la nani? Alikulipa papo hapo au alikuzungusha? Hayo ndiyo waliyokuwa wamefuata, na mimi sikuwa nayo. Walikuwa nayo wao.

Kabla ya kufungua kundi niliwapigia simu wakulima wachache ninaowaamini, mmoja mmoja, nikawaomba kila mtu aje na jambo lake la kweli linalomsumbua shambani wiki hiyo. Usiruke hatua hii. Watu wakiingia mahali wakakuta hakuna anayesema, watanyamaza pia, na baada ya hapo hakuna salamu za asubuhi zitakazowaamsha.

Halafu likaja jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia najivuna. Mkulima wa Kuresoi alituma picha ya shina la kiazi limelegea mchana kweupe, majani bado ya kijani. Niliiona, nikaweka simu chini kwa makusudi. Mama mmoja wa Mau Narok akamjibu: kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, tazama. Muda si mrefu picha ya pili ikaja, uzi mweupe kama maziwa unashuka majini. Mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huu hauna dawa ya kupiga. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake, utoe shambani, osha jembe na buti, na hapo usirudishe kiazi haraka, panda mahindi. Yote hayo walimwambia wenyewe, naye hakupoteza hela kununua chupa isiyomfaa.

Lakini kilichonishika moyo kilifuata. Mtu mwingine akauliza, hiyo mbegu ulinunua kwa nani? Ikatokea kwamba wenzake kadhaa, wa sehemu tofauti, walinunua kwa muuzaji yuleyule, na wote walikuwa wanaona mimea inalegea. Bakteria huyu husafiri ndani ya mbegu, tena kiazi chenyewe kinaweza kuonekana kizima kabisa. Nikiwa peke yangu na masomo yangu ningewezaje kulijua hilo? Kila mmoja alikuwa na kipande, na walipoviweka pamoja wakaokoa msimu uliofuata.

Kwa hiyo jifunze kunyamaza. Swali likiingia, usiwe wa kwanza kujibu, hata kama jibu unalo kwenye ncha ya ulimi. Ukijibu kila kitu, unawafundisha kukungoja.

Kwa wafugaji wako, dada, mahali pa kuanzia papo wazi. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, huuzwa kwa chupa za dozi nyingi, dozi 100 ni kawaida, na ikishachanganywa haingoji kesho. Mwenye kuku kumi na watano atafanya nini nayo peke yake? Anahitaji majirani, na majirani hao wako tayari kwenye orodha yako, ila hawajuani.

Kuhusu kusemwa: wanakusema tayari, sokoni na kwenye steji ya matatu. Afadhali waseme mahali unaposikia.

Sasa kulinda kundi dhidi ya madalali, na hapa nitasema kwa uchungu. Shangi, kiazi ambacho wengi wetu tunapanda, huiva kwa karibu miezi mitatu na huchipua upesi kikishavunwa, hivyo mkulima hawezi kukaa nacho. Dalali analijua hilo kuliko sisi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, lakini bado anafika shambani na lumbesa, gunia la kujazwa kupita kiasi, lililoshonewa kilemba juu. Kundini watu walianza kutajiana bei za shambani, na wale wa Molo na Elburgon waliovuna wiki ileile wakajaza lori lao wenyewe, magunia ya kilo 50, hadi Nairobi. Mimi sikuwafundisha hilo.

Ndipo akaingia dalali mmoja akijifanya mkulima. Alilipa ada, akakaa kimya, akakusanya namba za watu, akaanza kuwapigia kimyakimya akimwambia kila mmoja kwamba wenzake wameshauza kwa bei ya chini. Nilimtoa siku hiyohiyo. Rafiki yangu mmoja, mtu niliyekula naye, akaenda akisema nalinda tumbo langu. Neno hilo bado linaniuma, na bado ningemtoa dalali yule.

Tangu hapo, anayenunua mazao hujitaja kuwa mnunuzi kabla ya kuingia. Na mwanachama mpya huambiwa wazi kwamba namba yake itaonekana na wenzake, akubali kwanza. Kundini namba za wote huonekana, na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Namba ya mtu si mali yako ya kugawa. Siasa hatuziruhusu, wala jumbe za kusambazwa. WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024 katika kundi moja, lakini usifurahie idadi. Sisi tuligawanyika kwa maeneo mapema, kwa sababu baridi ya Mau Narok si hali ya Njoro.

Na ada? Siku hizi wanalipa hata miezi ambayo shambani hakuna kiazi. Mwalimu anayeogopa wanafunzi wake wajuane ajiulize anawauzia nini hasa. Watu hawa wameamka alfajiri, wamekopa pesa ya mbegu, wamekuamini. Usiwafungie mlango kati yao ili uonekane mkubwa. Tuwaheshimu.

Jambo la mwisho ni wasimamizi. Usijaribu kulinda kundi peke yako, utachoka na utaanza kuwajibu watu vibaya. Chagua wawili watatu miongoni mwa wanachama, wale wanaojibu bila kudharau, uwape uwezo wa kumtoa mvurugaji bila kukungoja, na uwasamehe ada. Wangu hawalipi. Mwanachama mmoja aliwahi kulalamika kuhusu hilo, nikamwambia arudi atazame ni nani aliyemjibu saa nne usiku siku viazi vyake vilipoingiwa na ukungu.