Koliflawa haimsubiri mtu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbagala aliniandikia: "Dada, koliflawa zangu zina majani yanayonifika magotini, lakini ua, kile kichwa cheupe, silioni. Nimekosea wapi?" Nilimjibu pembeni, ila najua tuko wengi tunaotaka kula mboga ya bustani yetu na kuuza kidogo, kwa hiyo naandika kwa wote.

Mimi nalima Lushoto, nyuma ya jiko, kwenye kipande kilichokuwa cha mahindi. Nilipobadilisha zao, shemeji yangu alisema mbele ya wageni kwamba nimeacha chakula nikapanda maua ya Wazungu. Nilinyamaza. Maneno yale yaliniuma, na mpaka leo yananiuma. Mwezi huu nimevuna tuta la mwisho, vichwa vyeupe pe, vizito, na mwenye hoteli amekuja mwenyewe kuvichukua mlangoni. Shemeji alikuwepo.

Sasa, dada wa Mbagala: hii ni mboga ya baridi. Inapenda nyuzi joto 15 hadi 20. Joto likizidi, inatoa majani tu. Kwa pwani, tafuta mbegu ya aina inayostahimili joto na upange vichwa vifunge kati ya Juni na Agosti. Muuzaji akikwambia mbegu zote ni zile zile, toka dukani.

Miche ikae kitaluni wiki 4 hadi 6, isizidi. Mche uliozeeka kitaluni au uliokatiwa maji hufunga kichwa kidogo ambacho hakikui tena. Nafasi ni sentimita 60 kwa 45, samadi iliyooza, maji bila kukatiza. Usipande palipotoka kabichi au sukuma wiki. Palizi na viwavi mnavijua.

Kazi yenyewe iko kwenye ua. Likifikia ukubwa wa yai la kuku, kusanya majani ya nje, yalaze juu yake, uyafunge kwa kamba ya mgomba. Subiri umande ukauke kwanza, kwa sababu maji yakibaki ndani ua linaoza. Usikaze. Ukiliacha wazi jua linaligeuza manjano, na mnunuzi hapo hapo anashusha bei.

Kisha fungua kila siku uchungulie. Pitisha kidole juu: ua zuri limeshikamana, gumu, halina nafasi. Ukiona vitawi vinaanza kuachana, na juu yake pana chembechembe kama wali, kata leo hii, hata kama bado ni dogo.

Ndugu zangu, kuchungulia huku usimwachie mtoto wala kibarua. Wanawake wenzangu, tunalalamika kwamba bustani hazilipi, lakini nani kati yetu anaingia shambani kabla ya kushika simu? Amka. Nenda ukaangalie ua lako. Kesho likiharibika hakuna wa kumlaumu.

Kata asubuhi kwa kisu kikali, acha majani machache yakinge kichwa njiani. Mche mmoja ni kichwa kimoja tu, basi sia mbegu kila baada ya wiki 2 ili uvune mfululizo. Majani mabichi yanayobaki yakatekate, kaanga na kitunguu na nyanya. Kwangu ndiyo mboga ya ugali siku ya mavuno.